Ski Pana za Binamu Dallin

Msimu uliopita nilimfukia mtu kwenye theluji akiwa hai, kisha nikampungia mkono.

Msinitazame hivyo. Yeye mwenyewe alipuliza firimbi.

Lakini ngoja nianze na binamu yangu Dallin, maana balaa lolote la ukoo wetu huanzia kwake.

Dallin alinunua ski pana, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Pana haswa. Ungeweza kukanda unga wa mkate juu yake, na nafasi ya kopo la siagi ikabaki.

"Hizi zinafanya kila kitu, Maren," aliniambia, huku akifyonza ile soda yake anayoichanganya na maziwa ya nazi. "Theluji ngumu, theluji laini, theluji iliyovurugwa. Mlima mzima!"

"Na vyombo zinaosha?"

"Cheka tu. Utakuja kunililia."

Mimi nilikuwa na ski zangu nyembamba za mashindano, alizoniachia mama. Kingo zake za chuma nilizinoa mwenyewe mpaka zikawa zinakata nywele.

Siku nyingine ningemwacha na mbao zake. Tatizo ni kwamba kikosi cha uokoaji cha mlimani kilikuwa na nafasi moja ya kazi, na waliofika hatua ya mwisho ni wawili.

Mimi na yeye.

Mwenzenu nilikuwa nakaanga viazi kwenye mgahawa wa katikati ya mlima, nikiyaangalia makoti mekundu ya waokoaji yakipita dirishani. Niliota lile koti. Nilishajua hata kalamu nitaiweka mfuko upi.

Siku ya majaribio tulianza na upande wa mgongo wa mlima. Upepo ulikuwa umefagia theluji yote laini, ukatuachia kitu kigumu kama sakafu ya bafu.

Sherehe yangu hiyo!

Ski zangu ziling'ata, nikashuka kama niliyeandikiwa njia. Chini nikasimama kumsubiri mheshimiwa.

Aisee, ski pana kwenye theluji ngumu ni burudani, mradi isiwe yako. Kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili ni safari. Unainamisha goti, unatuma maombi, unasubiri majibu. Na kwa vile pua zake, zile ncha za mbele, zimekunjwa kuelekea juu, hazigusi chini vizuri. Za Dallin zilikuwa zinatetemeka tatatata, kama meno ya mtu mwenye homa.

"Umepitia wapi, binamu?" nikamuuliza alipofika. "Mwenzio nimezeeka hapa."

"Magoti yangu, Maren."

"Kumbe zinafanya kila kitu mpaka kuvunja magoti! Hilo hukulisema."

Tulipopanda tena kwa kiti kinachovutwa na kamba ya chuma, LaRue alikuwa anatusubiri kileleni. LaRue ni mkuu wa kikosi, mama mfupi anayeongea kama vile maneno yanatozwa kodi.

"Vueni ski," akasema. "Badilishaneni."

Nilijua. Hapa kwetu ndivyo majaribio yanavyofanywa tangu zamani, kwa sababu mwokoaji anaweza kujikuta akishuka na ski za yeyote. Nilikuwa nimeomba tu mila hiyo iwe imekufa.

Haikufa. Tulisogeza vishikio kwa bisibisi mpaka viatu vikakaa. Dallin alizipokea ski za mama yangu kama mtu aliyepewa mtoto aliyejichafua.

"Natangulia," LaRue akasema. "Mkiisha kuhesabu mia, shukeni mpaka kibandani kwetu kule chini. Mnajua kazi ya mwokoaji."

Akapotea kwenye theluji iliyokuwa inaanguka.

Mbele yetu kulikuwa na bonde lenye theluji ya unga, nene, haijaguswa. Nikajiandaa kuaibika. Nikaegemea nyuma, kama nilivyozoea kufanya kwenye theluji nene ili pua zisizame.

Ski zikataka kunikimbia!

Nikarudi katikati, nikasimama wima juu ya viatu vyangu. Na hapo, jamani, zikanyanyuka.

Sitanii. Zilipanda zenyewe juu ya theluji na kukaa hukohuko. Hakuna kelele, hakuna kung'ang'ana. Nilikuwa nimezoea kuikata kona, hizi hazikutaka kukata chochote. Nilisukuma mikia pembeni kidogo tu, zikateleza kwa ubavu kama kisu kinavyopaka siagi. Nikakutana na mabonge yaliyomwagika kutoka miambani. Ski zangu zingejikwaa na kunitupa. Hizi ziliyakanyaga bila hata kuuliza majina yao.

Theluji ilinipiga kifuani, nikacheka peke yangu kama kichaa.

"Maren!" Dallin alilia huko juu. "Nimezama mpaka kiunoni!"

"Pole sana!" nikamjibu, bila pole yoyote.

Ndipo firimbi ikalia, karibu na mti wa msonobari uliokuwa mbele yangu.

Nikajua mara moja ni LaRue. Mama wa watu kashindwa kujizuia, ananishangilia! Nikaona nimpe kitu cha kukumbuka. Nikapiga kona kubwa pembeni ya ule mti, nikarusha ukuta wa theluji, nikainua fimbo ya kutelezea na kumpungia.

Firimbi ikalia tena, safari hii kwa sauti ya chini chini.

Nikaona ni hisia zimemzidi.

Nilifika kibandani wa kwanza. Nikasubiri. Nikafanya mazoezi ya uso wa unyenyekevu, ule wa kupokelea koti.

Baada ya muda mrefu Dallin akatokea, kalowa jasho, LaRue kamshika bega. LaRue alikuwa mweupe tangu kofia hadi viatu. Alikung'uta theluji sikioni.

"Nilikuwa majeruhi wenu wa majaribio," akasema.

Nikahisi baridi iliyokuwa haijanigusa siku nzima.

"Nilidhani... nilidhani unanishangilia."

"Nikiwa nimelala chali?"

Dallin akatazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa naenda taratibu mno, binamu. Nimezama, natambaa, naona glavu imetokeza kwenye theluji. Nikachimba."

"Lakini ni hizi ski!" nikapayuka. "Zinapaa! Hata wewe zingekupitisha!"

"Ski hazina kosa," LaRue akasema. "Zimefanya kazi yake yote. Nafasi ilikuwa ya mtu wa kufanya ya kwake."

Dallin akavaa koti jekundu palepale. Lilimkaa vizuri, jambo lililoniuma zaidi.

Siku hizi Dallin akipita mgahawani namkaangia viazi, namwekea na sosi ya pinki anayoipenda, na kila siku ananiuliza swali lilelile.

"Ski zangu utanirudishia lini?"

"Magoti yako hayajapona, binamu."

Nashuka nazo kila theluji ya unga inapoanguka, nikisimama kila baada ya kona chache kusikiliza. Wateja wa mgahawa wakinikuta huko wananiuliza kama nasikiliza upepo.

Niwaambie nini? Ski pana itakubeba juu ya kila kitu, hilo halina ubishi. Sasa wewe ukishabebwa, kabla hujaanza kupunga mkono, angalia kwanza umepita juu ya nani.