Mguu wa Mpangaji

Zamani mtu akiumia bomani mwako ulimpa kitanda na kumlisha mpaka apone, lakini siku hizi unaambiwa ufunge mdomo mpaka wakili aje.

Elungat aliyajua ya zamani kwa macho yake. Alikuwa mtoto pale Adungosi ghala la mtama la baba yake lilipomwangukia jirani. Baba hakuuliza jirani aliegemea wapi. Alimlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, na mvua zilipofika ng'ombe wao walilima kwa jirani kwanza. Jirani alipojaliwa mtoto, alimpa jina la baba. Kesi iliishia hapo.

Utu uzima ulimkuta Elungat katika mji wa mpakani wa Malaba, akiwa na vyumba vya kupangisha karibu na foleni ya malori. Chumba cha mwanzo kilikuwa cha Nerima, mzaliwa wa Matayos, muuza chai wa madereva, na mumewe Willis. Wao na Elungat walizoea kula ugali pamoja uani jioni, wakicheka.

Mbele ya mlango wa Nerima palikuwa na mtaro uliofunikwa kwa zege. Elungat aliuona ufa kwenye zege hilo, akasema fundi atakuja Jumatatu. Mvua ya Jumapili haikumngojea fundi. Zege lilikatika, Nerima akatumbukia na sufuria yake, mguu ukavunjika.

Nerima aliporudi kutoka hospitali, Elungat alimpelekea kuku.

"Mzee, mifupa imevunjika miwili na kuku ni mmoja?"

"Wa pili anaatamia, mama. Mvumilie."

Kisha akasema mbele ya wapangaji wote, kama baba yake angesema, "Nyumba ni yangu, kosa ni langu. Nitakuja mpaka utembee."

Akaja kweli. Kila alfajiri aliwasha jiko la Nerima na kuwapikia madereva chai, nao wakamtania: "Leo tunakunywa moshi! Mama, pona haraka, mzee atatuua!" Nerima alicheka kitandani mpaka mguu ukamuuma. Katika miaka yake yote Malaba, Elungat hakuwahi kuwa na asubuhi tamu kama hizo.

Ndipo mwanawe Arnold akaja kutoka Busia. Ndiye aliyekuwa ameiwekea bima ploti ile ya vyumba.

"Mzee, unatangaza kosa lako mbele za watu? Bima wakisikia hawalipi. Ploti itauzwa kulipia mguu huo. Usikanyage pale tena."

"Hata kumjulia hali?"

"Hata salamu. Ndiyo sheria."

Haikuwa sheria. Lilikuwa sharti la wenye bima. Sheria ilimtaka mwenye nyumba alipe kwa uzembe wake. Haikumkataza kumsabahi mgonjwa. Lakini Elungat hakuwa na kingine cha kumlisha uzeeni ila ploti ile, na mwanawe ndiye aliyesoma. Akatii. Akawa anapita uchochoroni, nyuma ya chumba cha Nerima, naye Nerima akimsikia akikohoa nje ya ukuta.

Siku moja Willis alimfuata. "Mzee, Nerima anauliza kama umekufa, tuchangie mazishi."

Arnold, aliyekuwa kando, ndiye aliyejibu. "Mwambie aongee na bima."

Wiki hiyo hiyo Nerima akatafuta wakili.

Kesi ilisikilizwa Busia, bima ikamlipa Nerima, na ploti ikapona. Arnold akampongeza baba yake kama mtu aliyeshinda. Walipotoka, Nerima alikuwa amesimama kwenye baraza la mahakama, na fimbo yake.

"Mzee, kuanguka ningesahau. Mimi niliumia ulipoacha kuja."

Kesi ilikuwa imekwisha. Hakukuwa tena na bima wala wakili wa kumzuia asiseme. Elungat alifungua mdomo, akatafuta neno, asilipate. Alikuwa ameshazoea kunyamaza. Willis akasimamisha tuktuk, akamshika mkewe kiuno, akamwinua taratibu. Ncha ya fimbo ilibaki nje ya mlango. Walishika barabara ya Matayos badala ya kurudi Malaba, na Elungat hakuwaona tena.