Mapokezi ya Kijerumani Temeke

Kaka yangu aliporudi kutoka Ujerumani alijifungia katika chumba changu cha uani, Kimara, akawa anatoka kwenda chooni tu. Chakula nilimwachia mlangoni. Mimi si mtu wa subira, na siku moja niliupiga ule mlango teke nikamwambia kama anataka kufa, akafie kwa mtu mwingine. 

Yaliyompata alinisimulia mara moja tu, amelala kifudifudi. Vijana wenye vipara na nguo nyeusi walimkuta stesheni ya treni. Mmoja alinyoosha mkono mbele, umekakamaa, vidole vimebanana, na hapo hapo buti zikaanza. Walimvunja mbavu na meno ya mbele. Mahakamani, picha za kamera hazikuonyesha sawasawa buti lilikuwa la nani, lakini mkono ulionekana vizuri. Kwa sheria ya kule, mkono ule ni kosa. Ilikuwa saluti ya watawala wao wa zamani walioangamiza watu, na alama zao zote ni marufuku. Hata kikundi cha vijana kikitaka kuzifufua, serikali inaweza kukifuta. Basi yule kijana akahukumiwa kwa mkono. Kwa mbavu za kaka yangu hakuhukumiwa mtu.

Sheria ile niliiona kichekesho, nikamwambia. Yeye hakucheka. Alisema mkono ndio unaotangulia buti, na kule ukiuona angalau unaweza kuita polisi.

Mimi nakimbia na klabu ya jogging Temeke. Jumapili asubuhi tunashika barabara kwa nyimbo na fulana za sare, tunamalizia uwanjani kwa mazoezi na supu. Nilitaka kaka yangu atoke, atokwe jasho, acheke na watu. Sikutaka kitu kingine chochote duniani. Nikamwambia mwenyekiti wetu, kijana fundi wa kuchomelea, kwamba naja na kaka yangu aliyekuwa Ujerumani, wampokee vizuri. Akasema nimwachie yeye.

Kumtoa ndani nilimtoa kwa kumvuta. Kamba za raba nilimfunga mimi, huku namtukana.

Tulipofika uwanjani wenzangu walikuwa wamejipanga mistari miwili, wamevaa fulana mpya nyeusi, wengi vipara kwa ajili ya joto na fasheni. Mwenyekiti akapuliza filimbi. Mikono yote ikanyooka kwa pamoja, imekakamaa, ikimwelekea kaka yangu.

Safari hii hakungoja buti. Aliokota tofali, akamwendea mwenyekiti moja kwa moja, akampasua nalo kichwa. Akampiga tena, anapiga kelele kwa Kijerumani, na wenzangu wakamrukia. Hadi hapo ningeweza kuwazuia, maana nawajua. Lakini kuna mtu barabarani, ambaye hakuwa ameona lolote, akapayuka kuwa ni mwizi, na mjini kwetu ukishaitwa hivyo umekwisha. Watu wakamiminika na mawe, mikanda, nondo na helmeti za bodaboda. Nilimlalia. Nilipigwa mgongo wote, kidole changu kikavunjika, nikamng'ata mtu shavu la mguu mpaka damu yake ikaniingia mdomoni, wala sijutii. Mwili wangu ni mdogo kuliko wake. Upande mmoja wa uso wake haukufunikika, na nondo ilipita hapo.

Aliyetuokoa ni mwenyekiti mwenyewe. Damu inamchuruzika machoni, anasukuma watu, anaapa kwamba huyu ni mgeni wake. Ndipo wakatawanyika.

Hospitalini walilitoa jicho la kushoto la kaka yangu.

Mwenyekiti alikuja kumtazama, bandeji kichwani, mfuko wa machungwa mkononi. Akamwamkia shikamoo. Alikuwa na haki ya kwenda polisi, na nilishajiandaa kumpigia magoti, mimi nisiyempigia magoti mtu yeyote. Polisi hakuwataja. Alivuta kiti akaomba aambiwe kosa lake, na kaka yangu akamweleza taratibu: stesheni, mkono, buti, sheria.

 Yule kijana akasema alitafuta kwenye simu namna Wajerumani wanavyompokea mtu mkubwa. Akaona picha za zamani, vijana safu kwa safu, wamenyoosha mikono, wamependeza. Akawafundisha wenzake mpaka wakaweza.

"Kwa hiyo kule ningefungwa?"

Kaka yangu akasema angeshtakiwa.

"Sie tulikuwa tunakukaribisha tu, braza," alisema. "Tulikuwa tunakukaribisha nyumbani."

Kaka yangu alikigeuza kichwa juu ya mto, polepole, mpaka jicho lililobaki likamfikia yule kijana.

"Nimeshakaribia," akasema.