Redio Ilishamchagua Datius

Paskazia wa Buganguzi anauza ndizi sokoni, na redio yake haizimwi. Antena ilishavunjika, kafunga waya. Anabishana nayo kama vile anabishana na shemeji yake. Ila wiki ile ya kura za maoni za chama, redio ilikuwa inamshinda.

Kila asubuhi mtangazaji kule Bukoba mjini alisema yale yale: kwenye udiwani wa kata yao, Datius anaongoza. Anaongoza kwa lipi? Hata kura moja haijapigwa! Datius alikuwa na gari la matangazo, mtangazaji akaliona, basi. Klaudia, aliyehangaika mpaka chemchemi yao ikajengewa, alitajwa mwishoni, kwenye "na wengineo".

Paskazia alikuwa mjumbe, kura anayo. Alimtaka Klaudia. Lakini tuseme ukweli, alishaamua kumpa Datius, asije akachekwa kwamba kura yake kaitupa.

Jumamosi Elikana, mjumbe mwenzake, akapita nyumbani. Paskazia akamwekea akamwani, kahawa ya kutafuna, kama anavyomwekea mgeni yeyote.

"Waitu, ndugu yangu Elikana, unampa nani?"

"Datius. Si ndiye anashinda?"

"Sijauliza nani anashinda. Wewe unamtaka nani?"

Elikana akatafuna taratibu. "Klaudia. Lakini peke yangu nitafanya nini, Ma Paskazia?"

"Peke yako! Na mimi hapa ni mgomba?"

Elikana akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Paskazia hakucheka sana. Kumbe hawako peke yao?

Jumapili baada ya misa akawaita wajumbe wengine wa jirani. Kikapu cha kahawa kikazunguka, na swali lake nalo likazunguka. Jibu likawa lile lile: namtaka Klaudia, nampa Datius.

"Sasa huyu Datius anatakwa na nani?" Paskazia akauliza. "Na redio?"

"Redio haina kadi ya chama," akasema Annastella, jirani yake.

Kura zilipopigwa, Klaudia alishinda, tena vizuri tu. Asubuhi yake mtangazaji akatangaza ushindi uliowashangaza wengi.

Paskazia alikuwa anapanga ndizi zake mezani.

"Wengi gani?" akaiuliza redio. "Ungekuja kutafuna kahawa, mwanangu, ungejua."

Halafu akaiongeza redio sauti. Anampenda yule kijana wa redioni, hata akiongea upuuzi.