Pepeo la Tausi

Mama Ombeni wa Malvern, kule ughaibuni, alikuwa akiogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea, na kama kuna kitu alichokichukia duniani ni kuambiwa asogee nyuma. Kwayani, nyuma. Harusini, picha zikitoka, kinachoonekana ni kilemba chake tu. Kwa hiyo Bi Shahnaz, mpiga picha wa Markham, mji wa jirani, aliyezaliwa Tanga, alipomwambia, "Nataka uwe malkia wangu," weee! Kanisa zima likajua.

Bi Shahnaz alikuwa na wazimu wa picha za Waingereza wa enzi za Malkia Victoria, waliowavalisha watu majoho wakawapiga picha kama wafalme na mabibi wa hadithi. Aliiga kila kitu, hata kamera ya mbao inayonasa picha kwenye vipande vya kioo, ambayo ukitikisika tu unatoka ukungu.

Siku ilipofika, Mama Ombeni aliingia kwenye gereji ya Bi Shahnaz, alikopigia picha, kasukwa, kapendeza, akamkuta Sughra, mdogo wa Bi Shahnaz, kakalia kiti cha enzi, taji kichwani.

"Wewe Adelina simama nyuma, umpepee," alisema Bi Shahnaz, akamtupia Mama Ombeni pepeo la manyoya ya tausi.

"Si uliniambia malkia?"

"Nimebadilisha. Sura yako haikai kimalkia."

"Kwenye kitabu cha picha za hao Waingereza ulinionyesha mwenyewe, waliyempiga picha kama malkia alikuwa mfanyakazi wao wa ndani!"

"Usinifundishe kazi. Hutaki, mlango ule pale."

Mama Ombeni aliutazama mlango. Aondoke, kanisani akaseme nini? Wangemcheka mpaka Krismasi. Akasimama nyuma ya kiti, pepeo mkononi.

"Tulieni!" Bi Shahnaz alifungua lenzi, akaikodolea macho saa yake kuhesabu sekunde. Uso wa Mama Ombeni haukucheza hata ukope. Mkono tu ulishuka taratibu, mpaka unyoya ukamfika malkia puani.

"Chyaa!"

"Sughra, una mafua? Rudia!"

Wakarudia. Sughra akapiga chafya tena, na tena, mpaka kioo cha mwisho kikaisha.

Picha iliposafishwa, taji lilikuwa limekaa juu ya ukungu mtupu. Nyuma yake Mama Ombeni alionekana wazi, msuko mmoja mmoja, macho makavu yakimtazama mtu usoni.

"Umeniharibia, shetani wewe!" Bi Shahnaz alifoka. "Malkia hana uso!"

"Anao. Tazama nyuma." Mama Ombeni alivaa koti lake. "Nakala yangu naifuata Jumamosi. Na chini uandike Mama Ombeni. Adelina ananiita mama yangu tu."