Nyungo Tisa za Udongo

Udongo wa msituni ukianikwa una harufu yake. Unanuka uyoga, majani yaliyooza na chuma kilicholowa. Mwaka ule nikiwa darasa la tano, harufu hiyo ilikaa uani kwetu Kisawasawa likizo nzima ya Desemba, ikaingia kwenye kanga, kwenye mashuka, mpaka kwenye wali. Majirani walitucheka. Walipita njiani, wakachungulia na kuuliza, "Mama Asteria, mpunga umekushinda, sasa unaanika udongo?" Mama hakuwa mtu wa kukosa jibu. Aliwaambia kwamba huu wake angalau hauliwi na ndege, kisha akaendelea kuchambua mizizi. Asteria ndiye mimi, mtoto wake wa pekee, na siku zile nilikuwa mtu wa kuwashwa na miguu. Kukaa kitako nusu saa kwangu ilikuwa adhabu.

Mtaalamu mmoja wa misitu alikuwa amekuja kupima udongo na mimea kwenye miteremko ya Udzungwa, juu ya kijiji chetu. Alitaka mtu anayeijua miti, akaelekezwa kwa mama, ambaye tangu utoto wake alipanda huko na bibi kutafuta dawa. Asubuhi walipanda, jioni walirudi na mifuko ya udongo na majani yaliyobanwa kati ya magazeti. Mama alitaja mti kwa Kindamba, mtaalamu akaandika daftarini, akauliza tena matamshi, akafuta, akaandika upya. Alimwita Bi. Yustina. Hapo kijijini hakuna aliyekuwa akimwita mama jina lake. Tangu nizaliwe alikuwa Mama Asteria tu. Nilimwona alivyonyoosha mgongo kila aliposikia jina lile, na mimi, sijui kwa nini, nilipata wivu kidogo.

Kazi ya kukausha udongo aliachiwa yeye, na aliifanya kwa namna yake. Eneo walilopima msituni lilikuwa mraba, limegawanywa vipande tisa, vitatu kwa vitatu. Mama aliazima nyungo za kupepetea mpunga, akatandika gazeti ndani ya kila mmoja, akazipanga uani kama vipande vilivyokaa msituni. Ungo wa kona ya jiko ulikuwa wa kipande cha kona ya kijito. Mstari wa kufuata ukuta wa jiko ulikuwa wa vipande vinavyopanda kando ya maji. Mstari wa kuelekea mpapai ulikuwa wa upande mkavu wa kilima. Mtaalamu alimshauri aweke vikaratasi vyenye namba, mama akakataa kwa adabu. "Karatasi inapeperuka," alisema. "Mahali hapapeperuki." Yeye aliishia darasa la nne, na kalamu haikuwa rafiki yake, lakini alichokiweka mahali hakukisahau hata baada ya mwaka. Mtaalamu alimjaribu mara mbili tatu, akaridhika. Kila Ijumaa alikuja na pikipiki, mama akamwonyesha ungo mmoja mmoja, naye akaandika mifuko.

Alhamisi moja mama alipanda gari la asubuhi kwenda Ifakara kumwona dada yake aliyelazwa. Aliniachia agizo moja: nisitoke, na mawingu yakija nimwite jirani tubebe nyungo pamoja, mmoja kwa mmoja, kwa mpangilio. Niliitikia vizuri sana. Hata vumbi la gari halijatulia, nilikuwa uwanja wa pili nikicheza rede. Mvua ya bonde letu haipigi hodi. Niliposikia matone kwenye bati nilikimbia kama mwizi, sikumwita mtu, nikaanza kubeba. Nilianza na ule wa kona ya jiko, kwa sababu udongo wake ulikuwa mweusi ti na nilijua huo haunipotei. Nikabeba wa pili, wa tatu, nikazipanga sebuleni chini, tatu kwa tatu, huku nahema. Nilijipongeza. Udongo haukulowa hata punje.

Mvua ilipokatika nikazirudisha. Huo mweusi niliuweka kona ya jiko. Nikashika wa pili, nikasimama nao mlangoni. Mstari huu nilioupanga sebuleni kandokando ya ukuta, ulikuwa ule wa jiko au ule wa mpapai? Nilianza kubeba kwa kwenda kulia au kushoto? Nilitazama udongo, wote umekauka, wote kahawia. Nilinusa. Nilionja hata, Mungu ananiona. Nilizipanga kwa namna moja, nikazipangua, nikazipanga kwa namna nyingine. Mwisho nikachagua, kwa kubahatisha tu.

Mama alirudi jioni, akasimama uani bado na kikapu mkononi. "Umezigusa?"

"Hapana, mama. Mvua haikufika huku."

Jua lilikuwa limeshakausha ardhi. Mama akanitazama, akatazama nyungo, akaona ule mweusi uko konani. Ndio uliomtuliza. Siku iliyofuata mtaalamu akaja, mama akamwonyesha moja baada ya nyingine, bila kusita, naye akaandika.

Baada ya majuma kadhaa alirudi. Alikaa kwenye kigoda, akazungusha kofia yake mikononi muda mrefu. "Bi. Yustina, majani yanasema upande huu una maji, udongo unasema upande huu ni mkavu. Huenda pande mbili zimebadilishana. Lakini mimi siwezi kuandika huenda."

"Naweza kukosea chumvi kwenye mboga," mama akasema. "Mahali sikosei."

"Najua, mama. Lakini tutachimba upya, na safari hii udongo utakaushwa Ifakara."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Hayakutoka. Mtaalamu aliaga kwa heshima zote, akaondoka, na hakupanda tena mlimani na mama. Ila kilichonichoma zaidi ni kwamba alipoaga hakumwita Bi. Yustina. Alisema mama, kama anavyoitwa kila mwanamke.

Leo nafundisha hisabati chuoni. Fani yangu ni jiometri ya makundi ya aljebra, na watu wakiniuliza ni kitu gani nawaambia ni elimu ya namna za kugeuza vitu: kitu unakigeuza, kinaonekana kama hakijaguswa. Kuna makundi makubwa ambayo yenyewe yana umbo, yana mipindo na pembe zake, lakini kila mwaka naanza na mraba wa vipande tisa. Mraba una namna nane za kugeuzwa. Ukishikilia kona moja mahali pake, zinabaki mbili: kuuacha ulivyo, au kuupindua kwa ulalo, na hapo kona, kitovu na kona ya mkabala havihami, lakini vingine vyote sita vinabadilishana upande. Kona moja haitoshi. Nalisema hilo darasani kila mwaka, mkono una chaki, na kila mwaka nafuta mraba, nauchora upya. Wanafunzi wanadhani sikuridhika na mchoro. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua zaidi ya miaka ishirini, na bado natembea.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Jikoni kwa mama kila kopo lina karatasi iliyogandishwa kwa ugali: CHUMVI, SUKARI, MBEGU ZA BAMIA, kwa herufi zake za darasa la nne zilizolala upande. Nilikuwa nimezoea kumtania juu ya karatasi hizo. Siku ile nilizisoma moja moja, nikahesabu miaka, nikaelewa zilianza lini. Nikamwita, nikamwambia yote: rede, mvua, sebule, uongo.

Alikuwa anachambua mchele. Mkono ulisimama.

"Kumbe kichwa changu kilikuwa kizima," alisema taratibu. "Mtu mzima nimeogopa kichwa changu mwenyewe miaka yote hii."

Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti, machozi yakanitoka, nikaongea mengi kama watu waliosoma wanavyoongea. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kwa nini hukuniambia siku ile, Asteria? Ningekuchapa, ukalia, tukala, yakaisha." Aliniangalia, mwanamke mwenye mvi za kwanza na miwani, nimepiga magoti sakafuni kwake. "Sasa nikuchapeje?"