Ncha ya Sindano

Katika karakana ya ushonaji ya lile gereza, sindano zinahesabiwa kwa makini kuliko watu. Watu huhesabiwa mara tatu kwa siku, wamechuchumaa watano watano, mikono kichwani, na askari akikosea huanza upya bila haya. Sindano hazikosewi. Kila asubuhi fundi hupewa moja kutoka kwenye kopo, anaweka dole gumba kwenye daftari. Ikivunjika, anarudisha vipande vyote, na sajenti wa karakana anaviunganisha juu ya karatasi nyeupe kama mtu anayepanga mifupa. Kipande kimoja kikikosekana, mlango haufunguliwi. Hakuna chakula, hakuna kuoga, hakuna mgeni.

Pindo aliijua sheria hiyo vizuri kuliko sala zake. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa mapindo ya suruali alizoshona hayakufumuka hata zikifuliwa mwaka mzima. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, tisa kati ya hiyo ameimaliza humo. Siku moja, katika ugomvi wa ukuta wa mpaka, alimpiga jirani yake kwa ubao, na jirani hakuamka. Alifungwa miaka kumi na mitano. Kwa mfungwa mwenye tabia njema theluthi moja husamehewa, kwa hiyo angetoka mwakani, mwezi wa tano. Mwezi huo alikuwa ameshamtajia mama yake kwa barua.

Jumamosi ile mama alikuwa anakuja. Dada yake Pindo alitanguliza barua fupi: *Daktari amesema macho ya mama hayatafika mwakani. Sasa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Anataka akuone wewe kabla hayajazima.* Wageni huingia saa nane na kutoka saa kumi. Safari yao ilikuwa ya siku mbili.

Ndiyo maana Pindo alikuwa na haraka, naye si mtu wa haraka. Saa sita na nusu alikuwa anashona mikanda ya viuno vya suruali za sare, kitambaa kigumu. Kwa kawaida, inapofika ile sehemu yenye mikunjo minne, huacha kanyagio na kuzungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Siku hiyo alikanyaga tu. Cherehani ikatoa mlio mkavu. Kipande cha juu kilibaki mahali pake. Ncha haikuonekana.

"Sindano, afande," alisema, akasimama.

Sajenti hakupandisha sauti. Alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Wanaume ishirini na sita wakachuchumaa ukutani, kisha wakaanza kupapasa sakafu kwa viganja, mstari mmoja, kama watu wanaopalilia.

"Leo Pindo katupinda sote," mmoja alinung'unika.

"Nyamaza. Mama yake yuko getini."

"Na mimi mke wangu yuko getini! Au wangu ni wa plastiki?"

Saa nane ikapita. Saa nane na nusu ikapita. Kutoka upande wa getini zilisikika sauti za wageni, majina yakiitwa. Pindo alihisi kila jina linamkanyaga.

Hapo ndipo mkata vitambaa, mtu mdogo waliyemwita Kiroboto, alipomsogelea kwa magoti. Alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na ncha ya sindano, imeanza kupata kutu.

"Ya zamani, kabla hawajaanza kuhesabu," alinong'ona. "Nimeiweka kwa ajili ya kuchokolea miiba ya miguuni. Chukua, kaka. Ncha ni ncha."

"Anaziunganisha."

"Kwa macho yale? Yule haoni sindano, anaona mwisho wa mwezi tu."

Miaka tisa Pindo hakuwahi kumdanganya askari. Si kwa wema. Alikuwa ameona tu kwamba haina faida. Lakini aliwaza yale macho yanayochungulia kwenye bomba, na bomba linavyozidi kuwa jembamba. Akaichukua, akaisugua kutu kwenye suruali, akainua mkono.

"Nimeipata, afande."

Sajenti alitandaza karatasi yake. Akavileta vipande viwili karibu, akavigeuza, akavigeuza tena. Kimoja kilikuwa kimevunjika sawasawa, kingine kimekatika mshazari.

"Hawa si ndugu," alisema. "Hata wa kambo si wao. Umeitoa wapi hii?"

"Nimeiokota."

"Wapi?"

"Chini."

Ukutani, Kiroboto alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Pindo hakugeuza shingo.

"Njia ya mwongo fupi, fundi. Wewe unajua bei yake."

Aliijua. Kumdanganya ofisa ni kupoteza siku thelathini za msamaha. Kwa kuwa sasa hapakubaki kitu cha kuokoa, haraka ilimtoka, na akili ya kazi ikamrudia. Akaomba ruhusa ya kuitazama suruali ile tena. Sindano inapovunjika, mshono huruka. Alipitisha kucha juu ya mkanda hadi alipogusa nafasi ya mishono miwili isiyokuwapo. Akafumua, uzi kwa uzi. Kati ya mkunjo wa pili na wa tatu kulikuwa na kitu kikali, chenye kung'aa.

Sajenti aliviunganisha. Vilikaa.

"Saa kumi kasoro dakika kumi na tano," alisema, akitia ufunguo mlangoni. "Ripoti nitaiandika. Nenda kamwone mama."

Chumba cha wageni kina waya katikati, na mstari wa rangi ambao mfungwa haruhusiwi kuuvuka. Mama alikuwa kwenye benchi, mkono wake mkononi mwa binti yake. Amekuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka.

"Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia umepotelewa na sindano. Nikawauliza, kwani mlimfunga kwa wizi wa sindano?"

Askari wa zamu alicheka, kisha akajikumbuka.

"Unatoka lini?" mama aliuliza.

"Mwezi wa sita."

"Barua ilisema wa tano."

Dada alimtazama. Pindo akasogea hadi kwenye mstari. "Ilikuwa wa tano mpaka leo mchana. Nilisema uongo ili niwahi kukuona, wakanishika."

Mama akasema, "Wa tano, wa sita, kwangu ni giza lile lile. Sogea pale dirishani, penye mwanga."

Palikuwa nje ya mstari. Pindo alimwangalia askari wa zamu. Askari akageukia saa ya ukutani na kuanza kuisoma kama gazeti. Pindo akauvuka mstari.

Mama alisogeza kichwa polepole, kushoto, kulia, akilitafuta lile tundu lake la kuonea, mpaka akampata.

"Una mvi," alisema. "Huku, juu ya sikio. Na kovu kwenye nyusi nisilolijua."

Pindo alipeleka kidole kwenye nyusi, akapapasa. Gerezani hakuna kioo. Kovu hilo alikuwa amelisikia likiuma, halafu likapona, na hakuwahi kuliona.

"Lina sura gani, mama?"

"Kama mkunjo uliopigwa pasi vibaya. Geuka. Sasa upande wa pili."

Akageuka. Zilibaki dakika sita. Hakuna aliyezungumza tena mpaka kengele ilipolia, kwa kuwa mama alikuwa anatazama.