Mashhura na Bei ya Karoti

Mtaani kwao katika mji wa Margilon, ukisomea udaktari utaonyeshwa migongo inayouma. Ukisomea uchumi utaulizwa dola itapanda lini. Mashhura alikuwa na shahada mbili za uchumi, na tangu apate ya pili hakuwahi kumaliza piyala moja, kile kibakuli cha chai, kwa amani. Majirani walimtaka atabiri bei ya dola, ya nyama, hata ya saruji. Akijibu kwamba inategemea, walimwonea huruma baba yake aliyelipa karo.

Baba huyo, Turgun, fundi majokofu, aliona mambo yako wazi. Waliosoma na binti yake mmoja yuko wizarani, mwingine yuko kampuni ya bima, wa tatu anauza simu na kawapita wote kwa gari. Mashhura naye alishapata kazi ya benki Tashkenti, mji mkuu. Lakini moyo wake ulikuwa Seoul, alikopata nafasi ya kusomea uzamivu, na bila ruhusa ya baba haendi. Jibu lilitakiwa wiki ile ile ya harusi ya kaka yake.

"Korea watu wa huku wanakwenda kubeba vyuma," baba alisema. "Shahada mbili hazikutoshi? Huo uchumi hauishi?"

"Kwa kazi ya benki zinatosha, baba. Kwa utafiti bado."

"Haya, mtafiti. Karoti za pilau ya harusi ninunue leo au ningoje?"

Mashhura akaketi na kompyuta yake, akapima mvua, mavuno na bei za miaka iliyopita. Akamwambia angoje, kwani mavuno mapya yakiingia bei itashuka. Baba akaguna tu. Lakini mwenye binti msomi atanyamaza mpaka lini? Akayasema kwa kinyozi, akayasema msikitini, akayasema kwenye chai. Na vuli ile karibu kila nyumba ilikuwa na harusi.

Siku ya kwenda sokoni, Mashhura alikuta mtaa mzima umezunguka magunia ya karoti, kila mtu akimwamkia kwa heshima. Bei ilikuwa imepanda karibu maradufu.

"Baba, ulimwambia nani?"

"Watu wachache tu," Turgun akajibu, akiigeuzageuza karoti moja kama anayeitafutia kasoro.

Jioni majirani wakakusanyika uani kukata karoti za pilau ya harusi itakayoliwa alfajiri, visu vinakwenda na ndimi zinakwenda. Ami Mamasoli, mdogo wake baba, alikuwa akiingojea nafasi hiyo kwa hamu.

"Kateni nyembamba jamani, hii dhahabu," alisema. "Shahada mbili, na karoti imemshinda."

Ua mzima ukacheka. Mashhura akainamisha kichwa, uso unamwaka kwa aibu. Nani atampeleka Seoul mtu aliyeshindwa na karoti?

Turgun akaweka kisu chini.

"Imemshinda, ndiyo," alisema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Ndiyo maana anakwenda Seoul kuongeza ya tatu."

Visu vikasimama. Neno la baba mbele ya majirani wote halirudi tena, na Turgun mwenyewe alionekana kushtuka kulisikia likitoka. Mashhura alijawa na furaha mpaka macho yakamlowa. Akamkodolea macho baba yake.

"Usinitazame hivyo," Turgun akamwambia, akiokota kisu. "Kata karoti."